KAMPUNI YETU IMEFUTWA, LAKINI HAIJAZIKWA

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Twaandika haya kwa uchungu. Ile kampuni yetu ndogo, tuliyoijenga kwa shilingi za mishahara yetu, yenye kantini na kiwanja, imefutwa katika daftari la Msajili wa Makampuni. Wakurugenzi hawakutuambia neno. Tuliambiwa na karani wa benki, kuwa fedha haziwezi kutolewa kwa kampuni isiyokuwako.

Ni nani aliyeifuta? Si mkoloni. Mwaka 1949 wazee wetu waliunda East African Trade Union Congress, na serikali ya kikoloni ikakataa kuiandikisha. Mwezi wa Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai wakakamatwa. Wale waliipigania karatasi wakanyimwa. Sisi tulipewa mkononi, tukaiacha ioze sandukuni. Aibu hii twaiweka wapi?

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yasema wazi. Kila mwaka kampuni hupeleka taarifa kwa Msajili: wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani, ofisi iko wapi. Kampuni ikinyamaza, na Msajili akaona kuwa haifanyi kazi tena, huandika barua kuuliza, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha huifuta. Na ufunguo wa sanduku letu la posta uko kwa nani? Kwa mabwana wakurugenzi. Posho za mikutano walizifuata mbio. Sanduku la posta hawakulifuata.

Sasa waja na ulimi wa asali: "Iacheni hiyo, tuandikishe nyingine yenye jina jipya. Ni rahisi, tena ni haraka." Ndugu, msidanganyike! Kampuni ikivunjwa kwa kufutwa, mali yake yawa ya Serikali. Kiwanja kile ni cha kampuni ya zamani, si cha hiyo mpya. Fedha za benki vivyo hivyo. Aliyekopa kwa ile ya zamani hatailipa mpya, atacheka tu. Na vitabu vya hesabu vitafukiwa pamoja na maiti. Je, ni nani apendaye maiti izikwe upesi, kabla haijatazamwa?

Njia iko. Sheria hiyo hiyo yampa aliyekuwa mkurugenzi, au aliyekuwa mwanachama, haki ya kuomba kampuni irudishwe daftarini. Yatakiwa kampuni iwe ilikuwa ikifanya kazi siku ilipofutwa, taarifa zote za nyuma zipelekwe, na faini zilipwe. Msajili akikataa, Mahakama iko. Lakini mlango huo haukai wazi milele: ni miaka 6 tu tangu kampuni kuvunjwa. Nayo ikirudishwa, huhesabiwa kana kwamba haikufutwa hata siku moja.

Wengine wanung'unika kuwa faini ni nzito. Ni kweli, zauma. Lakini mtu hatupi ng'ombe kwa sababu ya bei ya kamba.

Na sisi wenyewe tusijioshe. Mara ngapi tulikaa mkutanoni tukanywa soda, tukapiga makofi, wala hakusimama hata mmoja kuuliza: "Taarifa ya mwaka huu imepelekwa?" Mali bila daftari ni mali ya mwenye mkono mrefu.

Kwa hiyo twadai:

1. Mkutano mkuu uitwe mwezi huu, si mwakani.

2. Vitabu vyote na ufunguo wa posta viletwe mezani mbele ya wanachama.

3. Ombi la kurudishwa lipelekwe mara moja, wala isiandikishwe kampuni mpya.

4. Wakurugenzi waliokula posho wachangie faini, isikatwe yote katika hisa za fundi na mpiga bendera.

5. Tangu sasa, risiti ya taarifa ya kila mwaka ibandikwe ukutani mwa kantini, kila mwenye macho aione.

Ndugu, sisi ni watu wa reli. Injini ikiharibika twaipeleka karakana, hatuisukumi mtoni tukaomba nyingine. Yeyote atakayekuja kwako na karatasi ya kampuni mpya, usitie sahihi. Mwulize kwanza: ya zamani umeifanya nini?

Umoja ni nguvu.

Sisi wanachama wenzenu wa tawi.