Thumuni ya ekari Kimumu: Futi zinazopotea kati ya dalali na hatimiliki

MNUNUZI wa ploti katika eneo la Kimumu, kando ya barabara ya kutoka Eldoret kuelekea Iten, hukutana na lugha nne za vipimo kabla hajachimba msingi wa nyumba. Dalali humwambia kwamba anauziwa thumuni ya ekari, yaani ‘hamsini kwa mia’. Mpima ardhi huja na kifaa chake akaandika mita. Hatimiliki ikitoka, huwa imeandikwa hekta. Naye fundi wa mawe, ambaye ndiye atakayejenga, humrudisha kwenye futi.

Wengi huamini kwamba lugha hizo nne zinasema jambo moja. Hazisemi jambo moja, na tofauti iliyopo si ya kupuuzwa na mtu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba ili kununua kipande hicho.

Tuanze na hesabu yenyewe. Ekari moja ina futi mraba 43,560, sawa na takriban mita mraba 4,047. Ukiigawa mara nane unapata futi mraba 5,445. Hiyo ndiyo thumuni ya kweli. (Neno hili wengi wetu tulilikuta likimaanisha senti hamsini, lakini maana yake ya asili ni sehemu moja ya nane.) Ploti ya futi 50 kwa 100, kwa upande wake, ina futi mraba 5,000 tu. Kwa hivyo, kabla hata ya mpima kufika, mnunuzi aliyeambiwa kwamba ‘hamsini kwa mia’ ni thumuni tayari amekosa futi mraba 445.

Halafu mpima anafika. Futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48. Katika ramani nyingi za ugawaji, takwimu hizo hupunguzwa zikawa mita 15 kwa 30, ambazo ni rahisi kuchora na kukokotoa. Matokeo yake ni mita mraba 450, na ndiyo sababu hatimiliki nyingi za ploti za aina hii husomeka hekta 0.045. Thumuni ya kweli ingesomeka hekta 0.0506.

Kati ya takwimu hizo mbili kuna mita mraba 56 hivi, au futi mraba 600. Mkazi wa Kimumu hahitaji mwanahisabati kumweleza maana yake. Chumba cha kawaida cha kukodisha, kile ambacho wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eldoret kilicho karibu hukitafuta kila muhula unapoanza, aghalabu huwa cha futi 10 kwa 10. Futi 600 ni vyumba sita. Ikiwa ploti iliuzwa, tuseme, kwa Sh1 milioni kwa jina la thumuni, basi takriban Sh110,000 zimelipwa kwa ardhi isiyokuwapo.

Si lazima pawe na mlaghai hapa. Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu ni urithi. Ekari tuliyoachiwa na Waingereza ilitokana na mnyororo wa kupimia ardhi, ambao mwanahisabati Edmund Gunter aliubuni mnamo 1620. Mnyororo huo ulikuwa na urefu wa futi 66 na viungo 100. Uzuri wake ulikuwa katika hesabu: eneo la mnyororo mmoja kwa kumi ni ekari moja kamili, na minyororo 80 ni maili moja. Mpima aliweza kuhesabu kwa makumi hata kama alikuwa akiishi katika ulimwengu wa inchi na yadi. Msomaji anayetaka kuuona urefu huo kwa macho na aende kwenye uwanja wa kriketi: umbali kati ya seti mbili za vijiti ni yadi 22, ambao ni mnyororo wa Gunter bila kupungua.

Kwa vipimo vya namna hiyo nyanda za Uasin Gishu zilikatwa vipande baada ya wenyeji kuondolewa. Makaburu waliowasili mnamo 1908 walitoka Afrika Kusini, ambako shamba lilihesabiwa kwa morgen, kipimo kinachozidi ekari mbili kidogo. Huku walikuta ekari za Kiingereza na mashamba yenye nambari. Mji wenyewe ulichipuka katika shamba nambari 64, na wazee wangali wanakumbuka jina Sisibo, linalotokana na matamshi ya nambari hiyo kwa Kiingereza. Jina Eldoret lilikuja rasmi mnamo 1912.

Baada ya uhuru, mashamba mengi makubwa ya eneo hili yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, kisha yakagawiwa wanachama kwa ekari. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikihamia mfumo wa mita, na hekta ikachukua nafasi ya ekari katika hati. Sheria ilihama, lakini ulimi wa soko haukuhama. Hadi leo hakuna dalali anayetangaza ploti ya hekta 0.045, angechekwa.

Wanariadha wa sehemu hii wanaielewa hali hiyo kuliko wengi. Kipchoge Keino alipokuwa akitamba katika miaka ya 1960, mbio za maili zilikuwa na hadhi sawa na za mita 1,500. Anayedhani kwamba kuzunguka mara nne uwanja wa mita 400 ni maili moja amekosea kwa mita tisa na ushei. Katika mbio, mita tisa hutenganisha mshindi na mtu wa nne. Katika ardhi hutenganisha ukuta wako na wa jirani.

Kuna pia lugha ya ‘pointi’, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari zaidi. Muuzaji akisema anauza ‘pointi moja’ anamaanisha sehemu moja ya kumi, lakini ya kitu gani? Ikiwa ni ya ekari, ni mita mraba 405, pungufu ya hata hamsini kwa mia. Ikiwa ni ya hekta, ni mita mraba 1,000, karibu robo ekari. Kipimo cha pili kinazidi cha kwanza takriban mara mbili na nusu, na maneno ni yale yale. Mkataba ulioandika ‘0.1’ bila kutaja kipimo ni kesi inayosubiri tarehe.

Suala la barabara halizungumzwi sana, ilhali ndilo linaloamua sura ya mtaa. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa futi 209 hivi. Ploti nane za hamsini kwa mia huchukua futi mraba 40,000 na kubakisha 3,560. Ukipitisha katikati barabara ya upana wa futi 20, unahitaji futi mraba 4,170. Hesabu imekataa. Ukitaka barabara ya mita 9, inayoruhusu lori la zimamoto kupita huku gari jingine likiwa limeegeshwa, kila ploti inabaki na mita mraba 434. Basi muuzaji aliyeahidi thumuni nane kwa ekari moja ana njia mbili: apunguze ploti au apunguze barabara. Anayetembea katika vichochoro vya mitaa inayozunguka miji yetu anajua ni ipi huchaguliwa.

Isitoshe, wanunuzi wengi hulipa kabla ya shamba kugawanywa rasmi. Wanaonyeshwa kipande kilichopimwa kwa hatua za miguu au kwa tepu iliyolegea, wanatia saini, kisha wanangoja hati mama ivunjwe. Ugawaji rasmi unapofanywa miezi au miaka baadaye, barabara hukatwa, pembe za ploti za kona hupunguzwa, na futi zilizolipiwa hugeuka mita ambazo hazikuwahi kujadiliwa. Hatua ya mtu ni kipimo kizuri mradi aliyepima ndiye anayelima. Mababu wa pwani walikuwa na shibiri, mkono, wari na pima, vyote vilivyotokana na mwili, na vilifaa biashara ya nguo na kamba kwa kuwa muuzaji na mnunuzi walisimama pamoja. Ardhi inauzwa hata kwa aliye Doha au Boston, ambaye hatawahi kuiona miguu iliyopima.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba hata hekta zilizo katika hatimiliki si lazima ziwe sahihi kabisa. Sehemu ya 18 ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba, isipokuwa pale mipaka iliposajiliwa kuwa thabiti, ramani huonyesha mipaka na mahali pa kipande kwa makadirio tu. Sehemu hiyo hiyo inaizuia mahakama kusikiliza mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla ya mipaka hiyo kuamuliwa kwa utaratibu uliowekwa, na hapo Msajili wa Ardhi ndiye mwenye kazi. Aliyekimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi akiwa na picha za ua uliosogezwa huenda akarudishwa kwa Msajili, baada ya kulipa wakili.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, na mashamba ya mahindi yaliyopakana nalo yanazidi kukatwa. Hakuna sababu ya kuwalazimisha watu waache futi. Fundi, duka la mbao na mnunuzi wote wanazielewa. Linalowezekana ni mkataba utaje urefu wa kila upande kwa mita, eneo kwa mita mraba, na useme waziwazi kama barabara imetolewa tayari au itatolewa baadaye. Neno ‘thumuni’ linaweza kubaki katika mabango ya barabarani. Mpima ardhi naye aitwe kabla ya malipo ya mwisho, atafute bikoni zote nne, na mnunuzi awepo zinapofukuliwa. Si ajabu moja kati yake ikapatikana ndani ya ua wa jirani, imeota nyasi.