KUITIKIA SI KUFAHAMU

Jambo tutakalolinena hapa ni dogo machoni, lakini madhara yake ni makubwa. Nalo ni desturi ya kuitikia amri tusiyoifahamu.

Wengi husema ya kuwa kinachozuia maelewano ofisini ni lugha. Neno hili lina kweli ndani yake. Zamani za Wadachi, barua za Serikali kwa maakida na majumbe ziliandikwa kwa Kiswahili. Walipotawala Waingereza, Kiingereza kikawa lugha ya ofisi za juu, na karani akawa daraja baina ya mkubwa na raia. Na daraja likiwa bovu, wapitao huanguka. Lakini mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge likakifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Je, makosa yamekwisha? Hayakwisha.

Jalada hutoka kwa mkubwa likiwa na neno moja tu: "Shughulikia." Kushughulikia nini? Kumjibu mwenye barua, au kumlipa, au kuuliza wilayani? Karani husoma, huogopa kuuliza asije akadhaniwa mjinga, kisha huliweka jalada chini ya mengine. Tena iko hesabu ya saa. Ilani ya Kiingereza hutaja mkutano wa saa 2 baada ya adhuhuri, ambayo kwetu ni saa 8 mchana. Afasiriye upesi bila kuuliza huandika "saa 2", na raia hufika asubuhi, akangoja muda wa saa 6 juani.

Anayepata hasara hapo ni nani? Ni mjane angojaye mirathi ya mumewe, na mwalimu aliyehamishwa asiyelipwa nauli yake. Hao hawajui ya kuwa shauri lao limekwama kwa sababu mtu mmoja aliitikia "Ndiyo" asichokifahamu.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, apokeaye amri kwa mdomo na airudie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka. Pili, aandikaye dokezo na ataje nani atende, atende nini, na lini. Tatu, kila ilani itaje asubuhi, mchana au jioni pamoja na saa.

Wako watakaosema ya kuwa maswali huchelewesha kazi. Sivyo. Swali huchukua dakika moja. Jalada lililofahamika vibaya huchukua miezi, na mwisho hurudi mezani pale pale.

Kwa wakubwa wetu twaomba kwa heshima wasimkaripie aulizaye, kwani kuuliza si ujinga. Nasi wenyewe tusimcheke mwenzetu akiuliza mbele ya watu; maana kicheko cha wenzake humfunga mtu kinywa kuliko ukali wa mkubwa.