Fumbo tulichukue, kikasha tukiache

Juma lililopita kijana mmoja, msikilizaji wetu, alifika redioni na simu yake mkononi. Ni wa familia moja kati ya zile zilizokimbilia hapa mjini Beni, na jioni huwa anawachezesha watoto wa wahami. Kwenye simu alikuwa amepata mchezo wa Waingereza: kikasha kimefichwa mahali, na ili ukipate lazima kwanza ufumbue fumbo juu ya sheria za barabara za kwao. Akaniuliza, "Kaka, kwa nini nasi tusifiche vikasha mitaani, watoto wavitafute?" Nilimwambia nitamjibu hapa, ili na wazazi wasikie.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi, na ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuwapunguzia raia usahihi wa setilaiti za GPS. Kesho yake bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Ndani aliweka vitu vidogo vidogo, hata kopo la maharagwe. Anayekipata anaandika jina lake katika daftari, na akichukua kitu, anaacha kingine. Leo vikasha vya namna hiyo vimepita milioni tatu duniani.

Ile aina ya mafumbo ina ujanja wake. Namba unazopewa mwanzoni si za kikasha. Chenyewe kiko jirani, kwa kawaida si mbali kupita kilometa 3 hivi. Namba za kweli unazipata kwa kujibu maswali. Niwape mfano niliotunga mwenyewe. Mwendo wa juu katika barabara za mjini Uingereza, zile zenye taa, kwa kawaida ni maili ngapi kwa saa? 30. Katika barabara zao kuu za magari tu? 70. Kitabu chao cha sheria za barabara kilitoka mwaka gani? 1931. Ukipanga tarakimu hizo jinsi fumbo linavyosema, unapata mahali. Ukikosea moja, utaishia katikati ya shamba la mtu.

Mimi kilichonigusa ni hiki: anayetunga fumbo kama hilo anajua kwamba wenzake wote walisoma kitabu kilekile. Lakini hata kwao haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuanzia sheria ya 1903 ulilipia tu permi ukaendesha, bila mtihani. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7.000 walikufa barabarani nchini humo, wakati magari yalikuwa machache sana kuliko sasa. Ndipo mtihani ukalazimishwa kwa madereva wapya kuanzia Juni 1935. Sasa tujiulize sisi, pamoja na motari wetu wanaobeba mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja: ni wangapi kati yao wanaweza kueleza kwamba kwa kawaida alama ya duara inaamuru, na ile ya pembetatu inaonya? Na sisi abiria je?

Msiseme kwamba Uingereza ni mbali. Uendeshaji wa Waingereza uko hapo Kasindi. Ukivuka kwenda Mpondwe, Uganda, unahama mkono: huku kwetu kulia, kule kushoto, kwa sababu Uganda ilitawaliwa na Waingereza. Na magari mengi ya usukani wa kulia yanaingia kwetu, yanatembea katika barabara zetu kila siku. Dereva akitaka kupita lori, hana jicho la kuona mbele. Anamwomba abiria aliyekaa kushoto amchungulilie. Maisha ya gari zima yako mikononi mwa abiria ambaye labda hajawahi kushika usukani.

Basi, kuhusu fumbo: ndiyo. Kuhusu kikasha: hapana, na sitabadili neno.

Hata Uingereza kwenye amani, mchezo huu umeshaleta kizaazaa. Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby, kikasha kimoja kilidhaniwa kuwa bomu. Barabara ikafungwa, wataalamu wakakilipua. Wao walicheka baadaye. Sisi hapa Beni tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki, na siku ya Noeli mwaka huohuo jingine likaua watu waliokuwa wamekaa mahali pa kula na kunywa. Tangu hapo tunawaambia watoto katika redio hii: ukiona kitu usichokijua, kopo, mfuko, chuma, usikiguse, rudi ulikotoka, mwite mtu mkubwa. Watoto wa wahami ndio wanaotafuta kuni na vyuma vya kuuza. Leo tuwaambie msiguse, kesho tuwape zawadi kwa kugusa? Mtoto atashika lipi?

Kijana wangu asikate tamaa, maana mchezo wenyewe una aina zisizo na kikasha chochote. Unafika mahali, unaangalia, unajibu swali juu ya ulichokiona, basi. Hiyo ndiyo tunaweza kuifanya. Maswali yawe ya sheria za barabara, jibu likupeleke mahali panapojulikana: kwenye kituo cha afya, bomba la maji, mlango wa shule. Hapo mtu tunayemfahamu amekaa na daftari, mtoto anaandika jina lake. Familia iliyofika mwezi uliopita haijui kituo cha afya kiko wapi mpaka mtoto apate homa usiku. Kwa njia hii mtoto mwenyewe atakuwa amekwisha kufika. Na wakimbie vichochoroni mchana tu, wakiwa na mkubwa, bila kuvuka barabara kuu peke yao. Chefu wa mtaa aambiwe kwanza.

Walimu na motari walio tayari kututungia maswali waje redioni. Swali la kwanza ninalo. Teksibasi ya usukani wa kulia, ambayo mlango wake wa abiria uko kushoto, imesimama ukingo wa kulia wa barabara yetu. Mama anashuka na mtoto mgongoni. Mguu wake wa kwanza unakanyaga wapi, na nani anatokea nyuma?