Mgonjwa wa Sukari Hapungui Peke Yake

Hapana maneno yanayosemwa mara nyingi zaidi katika kliniki zetu za kisukari na shinikizo la damu kuliko haya mawili, punguza uzito na fanya mazoezi. Na hapana, kwa rai yangu, shauri jingine la tabibu linaloachwa bila ya msaidizi namna hiyo, kwa kuwa vidonge huhesabiwa, hutiwa katika bahasha na kuandikiwa saa za kumezwa, ilhali amri ya kupungua hukabidhiwa mtu mmoja aliyekwisha kuelemewa na maradhi, arudi nayo katika nyumba ambayo chungu si chake peke yake, na katika mtaa ambao ndimi za watu hazimo katika mamlaka yake. Akirejea baada ya miezi mitatu na mizani haikushuka, huulizwa kwa nini hakujitahidi. Swali hilo naliona kuwa ni dhuluma, maana linamdai mgonjwa deni ambalo wadaiwa wake ni wengi.

Amri yenyewe ni ya haki, wala siipingi. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea kuliko vingine, mafuta yaliyojikusanya tumboni, na hasa yale yaliyoingia ndani ya ini na kongosho, huizuia insulini isifanye kazi yake ya kuitoa sukari katika damu. Na mafuta hayo yakipungua, kazi ile aghalabu hurejea kwa kadiri fulani. Mwaka 2017 wataalamu Mike Lean na Roy Taylor walitangaza matokeo ya utafiti uliofanywa Uskoti na pande za Newcastle kwa wagonjwa ambao hawakuwa wamefikia kudungwa insulini, na ambao maradhi yao hayakuzidi miaka 6 tangu kutambuliwa: waliwekwa katika chakula cha kiasi kidogo sana kwa miezi michache, kisha wakarudishwa polepole katika mlo wa kawaida, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha maradhi bila ya dawa yoyote ya kisukari. Wala si lazima kila mtu apungue kwa kiasi kikubwa kama walichopungua watu hao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini maradhi hayajawashika, ulionyesha kuwa waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungukiwa na hatari ya kupatwa na kisukari kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa msaada huo, ilhali dawa ya metformini ilileta nafuu ya asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo.

Lakini jambo ambalo hatulisemi tunapozitaja hesabu hizo ni kwamba watu wale wa Marekani hawakuachiwa nia zao tu. Kila mmoja alipewa mshauri wake, akafundishwa masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo, akaulizwa habari za jiko lake, njia yake, shida zake na siku alizoteleza. Sisi twachukua matokeo ya kazi ya watu wawili na kuyadai kwa mtu mmoja, kisha twamwita mvivu.

Na huyo tumwitaye mvivu mara nyingi amekatazwa kutikisika na wale wampendao. Mama akishajulikana kuwa ana sukari au presha, watoto wema humpokonya ndoo, ufagio na kikapu cha sokoni, humwekea kiti, na kila asimamapo humwambia aketi. Na katika kumstahi hivyo humnyima dawa ambayo mwili wake ulikuwa ukijitengenezea wenyewe, kwani msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na athari hiyo hudumu saa kadhaa baada ya mtu kupumzika. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenziwe walichapisha uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya London, wakaonyesha kuwa madereva waliokaa kutwa walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi yale ya ghorofa. Na katika mwongozo wake wa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwataja waziwazi watu wanaoishi na maradhi ya kudumu, likasema kuwa nao, kwa kadiri ya uwezo wao, wanapaswa kupata dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Mwenye magoti mabovu, ambaye udhuru wake ni wa kweli, ana sababu ya ziada, kwa maana watafiti waliopima mzigo unaolielemea goti wamekuta kuwa kila kilo moja anayopungua mtu hulipunguzia goti lake kiasi cha kilo 4 kwa kila hatua. Naye aweza kuanza akiwa kitini, kwa kunyoosha miguu na kusimama na kuketi tena.

Tahadhari ni lazima, nazo zafaa zijulikane na nyumba nzima. Anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, aweza kushukiwa na sukari ghafla akitembea, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Basi achukue sukari au maji matamu mfukoni, na anayetembea naye ajue la kufanya. Avae viatu vilivyofunga mguu, si kandambili, na jioni akague nyayo zake, kwa sababu kidonda asichokihisi ndicho kimpelekacho kukatwa mguu. Na kadiri anavyopungua amwone tabibu, kwani kiasi cha dawa kilichomfaa juzi chaweza kuwa kingi leo.

Serikali zetu hazikulala kabisa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa mazoezi, na Unguja vikundi vya mazoezi vya mitaani vimekuwa vikitoka alfajiri kwa miaka mingi, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Siku moja katika mwezi yafaa kuamsha nia. Kipimo cha dawa ni cha kila siku. Ufuko wa Coco kule Dar es Salaam na barabara ya Mama Ngina kule Mombasa ni mahali pazuri pa kutembea, lakini bibi wa Mbagala au Changamwe hapandi daladala wala matatu kwenda kutembea. Yeye ahitaji njia iliyo karibu na mlango wake, yenye taa, isiyojaa kifusi wala bodaboda, ambayo mwanamke aweza kuipita baada ya sala ya alfajiri pamoja na shoga zake bila ya khofu. Halmashauri inayojenga njia hiyo inatibu watu, na inapaswa kuihesabu gharama yake katika fungu la afya.

Sasa nirudi nyumbani, maana huko ndiko mambo yanakoharibika. Mgonjwa hutengewa sahani yake: ugali wa dona, mchicha uliochemshwa, kipande cha samaki, na pembeni yake sinia la wali wa nazi, mchuzi wa papa na mbatata za kukaanga limezungukwa na watu wanaocheka. Ni nani awezaye kudumu katika upweke huo mwaka mzima? Tena Ramadhani inapokuja, na futari ya muhogo wa nazi, tambi na kaimati imeandaliwa kwa mapenzi, kukataa kwake huhesabiwa kuwa ni kuidharau mikono iliyopika. Shauri langu ni kwamba chungu kibadilike, si sahani: nazi ipungue kwa wote, sukari ya chai ipungue kwa wote kidogo kidogo, kunde na mboga za majani zijaze nusu ya sinia, na wali uchukue mahali pa mgeni badala ya pa mwenyeji. Hayo si kuwaadhibu wazima kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa kisukari cha aina ya pili hufuata damu, na watoto wa mwenye maradhi haya wamo hatarini kuliko wenzao. Kwa sababu hiyo nasema kuwa kliniki, siku ya kwanza ya kumpokea mgonjwa, imtake aje na yule anayempikia. Na ikiwa mpishi ndiye mgonjwa mwenyewe, basi aje mumewe au bintiye mkubwa, asikie kwa masikio yake.

Laiti yangekuwa hayo tu. Akishinda chungu, hukutana na barza. Kwetu unene umekuwa kwa muda mrefu ushahidi wa neema: mke akinawiri husifiwa mumewe, na mzee mwenye kitambi hudhaniwa kuwa wanawe wamtunza. Juu ya mazoea hayo likaja balaa la UKIMWI; tangu wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko Uganda ambako maradhi yenyewe yaliitwa Slim, watu waliwaona jamaa zao wakikonda mpaka kaburini, na khofu ile haijawatoka hata leo, ambapo dawa zimewawezesha wenye virusi kuishi kwa siha njema. Basi mama wa miaka 50, ambaye kwa taabu ya miezi mingi amepungua kilo 8, presha yake ikatulia, akapanda ngazi bila ya kuhema, hapewi hongera, hupewa pole. Shangazi humwuliza kama ameachwa, jirani humtazama shingo, mumewe husimamishwa nje ya msikiti kuulizwa kama mkewe yu mzima. Wapo wanaovumilia. Wapo pia wanaorudia maandazi na chai ya sukari ili tu wanyamazishe maneno, na kilo zile 8 hurudi kwa idhini ya ukoo mzima.

Sisemi watu wasiulize. Kukonda pasipo kukusudia kwaweza kuwa dalili ya kisukari kilichokosa kudhibitiwa, au ya kifua kikuu, na jirani mwema huuliza. Lakini na aulize mara moja, faraghani, kwa heshima. Na akijibiwa kuwa ni kwa hiari na kwa shauri la tabibu, basi swali lake la pili liwe saa ngapi mwenziwe hutoka kutembea, ili kesho watoke pamoja.