Goma: Babula ya zamani isiuzwe kama chuma kikuukuu

Wakaaji wengi wa Goma, hasa familia zilizokimbia vita, wanauzisha babula zao za zamani kwa vijana wanaozunguka mitaani kununua vyuma vikuukuu. Pesa hiyo inaisha siku hiyo hiyo. Kisha mama ananunua babula mpya ya bati nyepesi, na baada ya miezi michache chini yake pametoboka. Hapo kuna kosa.

Babula ya zamani ya chuma kizito mara nyingi ina kitu ambacho ile mpya haina: mlango wa majivu unaofungika. Mlango huo ndio unaolinda makala. Wakati wa kuwasha unaachwa wazi. Maharagi yakianza kuchemka, unafungwa nusu, moto unapungua, na chakula kinaiva polepole. Mlango ukivunjika, upepo wa ziwa unakula makala, na mama anarudi sokoni kununua mengine.

Jambo hili la hewa lilieleweka hata mbali. Mwaka 1952, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers mjini Chicago, Marekani, alichukua boya la chuma, lile duara linaloelea majini, akalikata, akatengeneza babula ya kuchomea nyama yenye kifuniko na matundu ya hewa. Leo kuna watu kule wanaotafuta zile za zamani, wanaondoa kutu, wanabadilisha miguu na kupikia tena. Kwao ni mapenzi ya vitu vya kale. Kwa familia iliyofika Goma na sufuria moja, ni swali la kula mara moja ao mara mbili kwa siku.

Mafundi wa bati wanaijua kazi hii. Kutu inakwanguliwa, chini panawekwa chuma kingine, mlango unarudishwa, na ndani panapakwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu. Udongo ukauke kivulini siku kadhaa, halafu uanze na moto mdogo, ukiharakishwa, unapasuka. Udongo unashika joto, na Kenya wanatumia babula za namna hiyo tangu miaka ya 1980. Lakini pipa lililobeba dawa za sumu lisitumike, hata likiuzwa bei ndogo.

Wanaogawa misaada wangefanya vema kuwalipa mafundi hao kuliko kuleta bati mpya. Makala mengi ya Goma yanatoka msitu wa Virunga, hifadhi tangu 1925, na akina mama wanaolaumiwa kwa msitu huo hawana kitu kingine cha kupikia.

Na babula, hata iliyotengenezwa vizuri, isiingizwe ndani ya hema ao chumba kilichofungwa, hasa usiku wa baridi. Mlango ukifungwa nusu, gesi isiyo na harufu inazidi, na inaua watu wakiwa usingizini.