Gitaa Baada ya Masomo



Mama mmoja anayekaa Kikopey, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, alitupigia simu huku analia. Mumewe ni dereva wa lori, mzaliwa wa Kisauni, na jarida hili humfikia mkewe kwa mkono wake, pengine matoleo matatu kwa pamoja. Mwana wao, kijana wa miaka 15, alikuwa amezoea kuchelewa kurudi nyumbani, na kila akiulizwa husema yuko katika masomo ya ziada. Siku moja mama alikwenda shuleni kulipa fedha za chakula, akapita nyuma ya madarasa, akamwona mwanawe ametundika gitaa la umeme shingoni, wenzake wanne kando yake, na mwalimu wa muziki akiwahesabia kwa vidole.

"Shekhe, ni ule muziki wa makelele, wa roki," alituambia. "Nimtoe shule ama nifanyeje?"

Tulimwomba asifanye lolote kwanza. Tulikuwa na safari ya Nakuru kuhudhuria nikahi, na Kikopey iko njiani.

Msomaji asiyefika huko yafaa apajue kidogo, kwani mahali pana sehemu yake katika jambo hili. Kikopey ni kituo cha nyama choma karibu na mji wa Gilgil, juu ya Ziwa Elementaita. Mabasi na malori husimama hapo mchana na usiku, vijana hukimbilia madirisha ya magari wakigombania wateja, na moshi wa mbuzi hukufikia kabla hujashuka. Spika hunguruma milangoni mwa mikahawa, na pombe huuzwa papo hapo penye nyama. Mtoto aliyekulia hapo hamngoji mwalimu wa shule ndipo asikie muziki. Ameusikia tangu yu mgongoni mwa mamake, na ameusikia pamoja na chupa. (Sisi tuliitwa na vijana saba kabla hatujavuka barabara. Tulimshukuru kila mmoja, tukaenda kunywa chai na chapati kwa huyo mama.)

Tuanze na fiqhi, kwani hatupendi kumficha msomaji msimamo wetu. Tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, kama walivyolelewa wengi wa watu wa pwani, na kauli mashuhuri ya madhehebu hayo ni kwamba ala za nyuzi ni haramu, na dufu limeruhusiwa katika harusi na khitani. Ipo katika Sahihi ya Imam Bukhari hadithi inayowataja watu watakaozihalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia aliitia dosari sanadi yake, na wanavyuoni wengi hawakumkubalia. Ipo vilevile hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi. Sayyidna Abubakar aliwakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache.

Hata katika filimbi ya mwanzi, Imam Rafii na Imam Nawawi, ambao ni nguzo mbili za madhehebu yetu, walikhitalifiana: wa kwanza hakuiharamisha, wa pili aliiharamisha. Twalitaja hili kwa sababu maalumu. Tangu uje mtaala wa umilisi, watoto wa Gredi ya 4 hufundishwa kupuliza filimbi ya plastiki shuleni, na akina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu wamekuwa wakiinunua pamoja na madaftari bila ya kumuuliza mtu. Hakuna hata mmoja aliyetupigia simu analia kwa ajili ya filimbi. Sasa mtaala huohuo umefika Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, na mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu, mojawapo ikiwa ni ya sanaa na michezo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo shule zetu hushindana humo, lilianza mwaka 1927. Anayedhani muziki umeingia shuleni jana kwa mlango wa nyuma amechelewa.

Imam Ghazali, katika kitabu cha Ihyaa, hakutosheka na kuzihesabu ala zilizokatazwa. Aliitafuta sababu. Kwake yeye uharamu wa nyuzi umeufuata uharamu wa pombe: zilikuwa alama ya walevi, humkumbusha mlevi kikao chake, na wanaokusanyika juu yake hujifananisha nao. Ngoma aliziacha katika uhalali wake, isipokuwa ile iliyobanwa kiunoni iitwayo kuba. Tulipokuwa tumekaa barazani kwa yule mama, spika za ng'ambo ya barabara zikitikisa vikombe vya chai, tulihisi kwamba Imam Ghazali angeifahamu Kikopey mara moja.

Basi je, gitaa lililo darasani mikononi mwa mtoto, mahali pasipo na tone la pombe? Wapo wanavyuoni wa zama zetu waliotoa ruhusa kwa masharti, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi ni mmoja wao. Sisi ujasiri huo hatuna, na hatukumhalalishia mama yule gitaa. Lakini kumwambia amtoe mtoto shule hatukuweza pia, kabla hatujamwona huyo mwalimu.

Tulikwenda kesho yake saa tisa unusu alasiri. Twakiri kwamba tulimtarajia mtu wa nywele ndefu na vikuku. Tulimkuta kijana mpole wa miaka thelathini hivi, Mkristo, amevaa sweta la kufumwa, akatufutia kiti vumbi na kutukaribisha: "Karibu mzee wangu." Ala zake zote zingejaa toroli moja: magitaa mawili, gitaa la besi lenye nyuzi tatu badala ya nne, kinanda, na ngoma za kupigwa kwa fimbo na kwa mguu, moja imezibwa kwa gundi ya karatasi. Nyuzi hununua kwa fedha zake. Halipwi kitu kwa saa hizo.

Tulimuuliza kwa nini anajisumbua. Alisema wanafunzi wake wawili walionekana usiku wakiita wateja kwenye mikahawa, na baadaye wakaacha shule kabisa. Akaanza kukaa na waliobaki kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo mzazi bado yuko kazini na barabara imeanza kuchangamka. Wao ndio waliochagua roki. Yeye angependelea kwaya.

Wakapiga. Masikio yetu yaliumia, hatukatai. Hata hivyo tuliona jambo moja: yule wa besi alipokwenda mbio, wote walisimama, wakamngoja, wakaanza upya, na hakuna aliyemcheka. Walirudia mara tano. Maneno ya wimbo waliyatunga wenyewe, juu ya babu anayengoja lori lisilorudi. Wa pili ulikuwa wa mapenzi, na tulimwambia mwalimu kwamba huo hatuupendi kwa watoto wa umri ule, awe Mwislamu au asiwe. Aliuandika katika daftari lake.

Daftari hilo ndilo lililofichua makubwa. Humo mna jina la kila mtoto, saa aliyofika, saa aliyoondoka, na nambari ya simu ya mzazi. Mbele ya jina la kijana wetu palikuwa na nambari ambayo si ya mama wala ya baba. Ilikuwa ya rafiki yake mkubwa. Mwalimu aliinamisha kichwa. Miezi minne alikuwa akiamini kwamba ana idhini ya wazazi. Tukamuuliza kijana kama amesali Alasiri. Kimya. Tukamuuliza kwa nini amewadanganya watu wawili wanaomjali.

"Ningesema, mngenikataza," alijibu, akimtazama mamake wala si sisi.

Kwetu uongo huo na sala iliyopita ndiyo yaliyokuwa mazito siku ile, na mama ambaye usiku wote alikuwa akizungumzia gitaa hakulitaja tena.

Na hapa tuseme la kwetu. Zamani katika madrasa tuliyokuwa tukisomesha, alikuwapo mvulana mwenye sauti ya kaswida ambayo hatujasikia nyingine mfano wake. Alikuwa na ada ya kugonga meza kwa vidole, mdundo wa nyimbo za mtaani. Tulimkanya mara mbili, mara ya tatu tukamfukuza mbele ya wenzake. Hakurudi. Humwona hadi leo kwenye maskani, macho mekundu, naye hutusalimu kwa adabu, na salamu hiyo hutuchoma kuliko angetutukana. Hatukumuuliza siku ile baada ya madrasa huenda wapi, na nani humngoja.

Watu wa Lamu hawahitaji kukumbushwa Habib Saleh. Aliingia mji ule kutoka Ngazija, akakaa na kusomesha wale ambao wakubwa wa mji hawakuwa na haja nao, watumwa na wachukuzi miongoni mwao, na Maulidi ya Habib Ali al-Habshi akayasoma kwa matari. Wapo wanavyuoni waliochukizwa, na walikuwa na hoja zao. Leo Msikiti wa Riyadha hujaza wageni kila Mfunguo Sita, na vijukuu vya waliochukizwa wamo safuni. Hatusemi tari ni gitaa, fiqhi imezitenganisha. Twamtaja kwa sababu aliwajua wanafunzi wake mmoja mmoja, hata wale ambao hakuna mwingine aliyewauliza majina.

Huko Korogocho, Nairobi, upo mradi uitwao Ghetto Classics, ulioanza mwaka 2008, unaofundisha watoto wa mtaa ule fidla na tarumbeta nje ya saa za masomo, na umefika hadi Mombasa. Kule Korogocho mazoezi yake hufanyika katika kiwanja cha kanisa. Wazazi wa Kiislamu wameshatuuliza juu ya hilo, nasi twawauliza: kiwanja chetu hufunguliwa saa ngapi?

Tuliyokubaliana Kikopey ni haya. Kijana ataacha gitaa na kukaa penye ngoma, ambazo madhehebu yetu yana wasaa nazo. Atasali Alasiri kwanza, na mwalimu, bila ya kuombwa, alisema mazoezi hayataanza mpaka amalize. Hatapiga katika mkahawa wowote, hata kwa malipo. Mkahawa mmoja ulikwishawaita, na mwalimu alikuwa akisitasita kwa sababu ya bei ya nyuzi. Nambari ya mama iliandikwa mahali pake. Kwa ajili ya uongo, mama alimfungia mwezi mzima asishiriki, na baba akaunga mkono kwa simu kutoka Mtito Andei.

Mwanafunzi wetu mmoja wa fiqhi, tulipomsimulia, alituambia kwamba mpiga ngoma naye amekaa katika sauti ya nyuzi, kwa hiyo tumemhamisha kiti tu. Asema kweli. Hatukumjibu, na hadi tunaandika haya hatuna jibu linaloturidhisha.

Mwezi wa adhabu ulikwisha Jumatatu. Mama ametuandikia kwamba kijana alimuaga asubuhi, akamwambia anakokwenda na saa atakayorudi, akarudi kabla ya Magharibi. Mwishoni ameongeza swali: shule itakuwa na siku ya wazazi, watoto watapiga, naye amealikwa. Aende? Tumemwambia atungoje hadi toleo lijalo, tuwaulize kwanza walio wajuzi kuliko sisi.

Wallahu aalam.