Bundi Hana Kosa

Bundi alitua juu ya paa la nyumba moja katika vihamba vya huku kwetu Machame. Watoto wakaitwa, na wazee wa kanisa wakasimama kutazama anavyopigwa mawe hata bawa likavunjika. Akafa usiku ule. Jumapili iliyofuata watu wale wale walikiri kwa sauti kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote. Twauliza: bundi aliumbwa na nani?

Wasema kwamba bundi akilia, mtu atakufa. Lakini watu hufa hata katika nyumba ambazo bundi hakulia, naye hulia usiku karibu na watu waamkao wazima. Hulia kumwita mwenzake, na kuwaonya bundi wengine wasiingie mahali pake. Mkristo amwogopaye amebatizwa, lakini hofu yake haijabatizwa.

Wengine hujibu kwamba Mambo ya Walawi, sura ya 11, humhesabu bundi kuwa najisi. Ni kweli, na tai yumo pia. Lakini sura ile yakataza kumla. Haiamuru kumpiga mawe. Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamkataza mtu aonaye kiota kumchukua mama pamoja na makinda yake. Je, Torati imhurumiayo ndege kiotani itapendezwa na bawa lililovunjwa?

Hata mwenye kutafuta faida tu na asikie. Nenda chini ya mti alalapo bundi, utaona vidonge vya manyoya na mifupa, kwa maana bundi humeza panya, kisha hutapika visivyosagika tumboni. Vunja kimoja uhesabu mafuvu: hao ndio wala mahindi yako. Amwuaye bundi na kununua sumu ya panya amemfukuza mlinzi asiyetaka mshahara. Na sumu haichagui: bundi amlaye panya mwenye sumu hufa naye. Huko Botswana, mwezi wa Juni 2019, tumbusi 537 walikufa kwa kula mizoga ya tembo 3 iliyotiwa sumu.

Basi tufanyeje? Mkimwona bundi, mwewe au tai aliyeumia, msimtie maji mdomoni wala msimlishe ugali. Mfunikeni kwa nguo nzito, mkijihadhari na makucha, mwekeni katika sanduku lenye matundu, penye giza na kimya. Kisha mpelekeni habari afisa wa wanyamapori, au watu wa shamba la Makoa, upande huu wa Machame, ambako wanyama wa porini walioumia wametibiwa, na waliopona wakarudishwa porini. Msimfuge, kwa kuwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 yakataza kumweka mnyama wa porini bila kibali.

Walimu wenzetu, mkono uliozoea kutupa jiwe waweza kufundishwa kubeba sanduku. Lakini ninyi wazee ndio mliowaita watoto wale. Ni juu yenu kuwaambia wayaweke mawe chini.